Mwana wa Kuokotwa

Mwaka 1948, wakala aliyezitafutia timu za Mombasa wachezaji wa kandanda alitoa kitabu cha maisha yake. Huko Changamwe kilijadiliwa kibandani kwa shangazi yangu Kache, aliyeuza mihogo ya nazi.

“Kila bao kalifunga yeye,” Nguma, mmoja wa wateja, alicheka, “na buti hajapata kuvaa!”

“Lakini ameandika vizuri,” alisema Dishon, mteja mwenzake.

Shangazi hakujua kusoma. Alitaka kusikia yaliyoandikwa kuhusu Fondo, mwanawe wa pekee, aliyefariki kwa jeraha la uwanjani. Nguma akamsomea: “Fondo nilimwokota Changamwe.”

“Kamwokota? Kiokotwacho si kile kisicho na mwenyewe? Alipiga hodi hapa, akaniomba mwanangu, nami nikampa.”

“Ni namna ya kusema tu, Mama Fondo,” alisema Dishon.

Labda ni kweli. Sisi tuliosoma huyazoea maneno hata hatuyasikii tena.

“Basi kasema amekufa?” Shangazi aliuliza.

Nguma alifunua kurasa zote zilizobaki. Jina la Fondo halikuwamo tena.

Shangazi akawaambia waende zao, mihogo imekwisha. Sufuria ilikuwa imejaa.