Kiti cha Regis

Regis Kozlak, fundi wa kupasha nyumba joto, alikuwa na moyo mweupe na kichwa cha moto, na mtaani kwao, kwenye vilima vya Pittsburgh, watu walikijua kichwa kuliko moyo. Ndiyo maana bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa dada yake, Bernadine, na ufunguo dada mtu akautundika shingoni.

Regis aliipeleka mwenyewe. Miaka miwili nyuma aligombana na jirani yake, Chester, juu ya mfereji wa maji, jambo la kipuuzi kabisa, akaingia ndani na kutokeza nayo mlangoni. Hakumwelekezea mtu. Lakini uso wa Chester ulivyobadilika siku ile haukumtoka tena akilini.

"Nitakurudishia nikiona hasira yako imepata breki," Bernadine alimwambia.

Sasa msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa kesho, na Bernadine alikuwa ameahidi kumwambia leo kama atamrudishia bunduki. Asubuhi Regis alichimba theluji mbele ya nyumba yake mpaka kiuno kikakataa kunyooka, akaweka kiti cha jikoni kulinda nafasi ya gari lake. Mtaani kwao kiti cha namna hiyo hakiguswi, hata na padri.

Jioni alirudi na Bernadine. Kiti kilikuwa kimelala kwenye theluji, mguu mmoja umevunjika, na pale pake pameegeshwa gari la Chester.

"Regis," dada yake akasema.

"Nimeona."

Akashuka, masikio yanamwaka. Akaokota kiti, akabisha kwa Chester, kisha akarudi nyuma kidogo, mikono yote miwili ikionekana. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Umekuja kupigana?"

"Nimekuja kuuliza. Kiti changu kimekukosea nini?"

Chester akashusha mabega. "Nimemtoa mama hospitali leo, kavunjika nyonga. Ningeegesha kule juu kilimani, asingeweza kutembea hadi hapa. Nilitaka nikiweke pembeni, kikaniponyoka. Nilikuona unakuja, nikaogopa kutoka."

Neno hilo lilimchoma Regis kuliko kile kiti.

"Gari liache hapohapo. Nyumba ina joto la kutosha?"

"Kidogo tu."

"Nitakuja kuangalia. Ila huu mguu utaugundisha wewe, bwana, mimi kiuno kimekufa."

Aliporudi garini, Bernadine alikuwa ameshauvua ufunguo.

"Shika."

Hakushika. "Bernie, nilipokiona kile kiti, kitu cha kwanza kuwaza kilikuwa ile bunduki. Kabla hata sijamwaza Chester."

Aliona aibu kulisema. Bernadine aliuzungusha ufunguo vidoleni.

"Zamani usingeniambia," akasema.

"Basi kesho twende wote. Bunduki nibebe mimi, risasi ubebe wewe. Nikikuomba risasi, niangalie usoni kwanza."

"Na nisipoupenda huo uso?"

"Tutakunywa kahawa turudi nyumbani."

Bernadine akacheka huku machozi yakimlengalenga, akamtia ufunguo mkononi.

Alfajiri waliingia katika msitu aliowinda baba yao, Regis mbele na bunduki tupu, Bernadine nyuma, risasi zikigongana mfukoni mwake. Kila Regis alipogeuka alimkuta dada yake anamwangalia usoni, naye akamwacha aangalie.