Chumvi Niliyoiita Mfumuko wa Bei

Nakumbuka siku moja ya mvua, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, niliposimama nyuma ya magunia yangu ya chumvi sokoni Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nikatamka neno nisilostahili kulitamka. Mwanangu, nitakueleza lote, hata pale panaponiaibisha.

Shule niliiacha mapema. Kiswahili cha vitabuni nilijifundisha mwenyewe, kwa redio ya ng'ambo ya ziwa na daftari la maneno. Nilikuwa msichana wa kuogopa kukosea. Neno moja ningelirudia jikoni mpaka ugali uungue. Wauza muhogo wakanipa jina la Redio. Wiki ile nilikuwa nimejifunza “mfumuko wa bei”: bei za vitu karibu vyote kupanda kwa kasi na kuendelea kupanda, hata pesa ile ile inunue kidogo kuliko jana. Niliiandika maana hiyo mara kumi, kwa mwandiko safi.

Chumvi yetu ilitoka Uvinza, Tanzania, ikavushwa ziwa kwa boti. Boti ikachelewa. Mimi nilikuwa na magunia manne niliyoyanunua mwezi uliotangulia, kwa bei ya kawaida. Nilipoona wenzangu wameishiwa, nikapandisha bei mara tatu. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na hofu tu, ile hofu yangu ya siku zote kwamba kesho nitakosea na kupoteza vyote. Lakini hofu nayo ina tamaa yake.

Ndipo akaja Mama Wilondja, mjane aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani. Siku tatu jua halikutoka. Kama asingewatia chumvi asubuhi ile, wangeoza, na hao ndio waliowalisha watoto wake. Akauliza bei, nikamtajia. Akauliza kwa nini. Nikanyoosha shingo.

“Mama, ni mfumuko wa bei.”

Hakukasirika. Aliniomba nimweleze, nami nikamsomea maana yote bila kukosea silabi moja. Akasikiliza kama yuko kanisani, kisha akawageukia wenzangu.

“Bamama, muhogo umepanda? Mafuta ya mawese? Sabuni?”

Wakasema bado.

“Na hii chumvi ulinunua lini, mutoto wangu?”

Nikasema mwezi uliopita.

“Basi hiyo haiko mfumuko. Hiyo iko weye.”

Watu wakacheka. Muuza sabuni akasema leo Redio imeishiwa betri. Mama Wilondja hakucheka. Alijitwika kikapu chake, akaondoka bila chumvi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Kufika mchana niliacha biashara. Nikabeba chumvi hadi ufukoni kwake. Nusu ya ndagala walikuwa wamekwisha kulainika na kunuka. Akanipa beseni, tukawatia chumvi waliobaki, bega kwa bega. Nilitaka kumpa bure; akakataa, akalipa bei ya zamani. Ndipo akasema, taratibu:

“Siku bei itapanda kweli, utatuambia nini? Na nani atakuamini?”

Siku hiyo ilikuja. Miaka michache baadaye kila kitu kilipanda kila wiki, chumvi, muhogo, sabuni, hata kibiriti, na watu wakabeba noti kwa mifuko kwenda kununua unga. Huo ndio uliokuwa mfumuko wenyewe. Nilipopandisha bei, wateja walinitazama kwa jicho la siku ile, na sikuwalaumu. Mama Wilondja alipima chumvi yake, akalipa, akawaambia walio nyuma yake:

“Mulipe tu. Huyu sasa anajua.”

Basi, mwanangu, kuijua maana ya neno ni nusu ya safari. Bei ikipanda kila mahali, sema mfumuko, na watu watabeba mzigo huo pamoja nawe. Ukiipandisha mwenyewe kwa sababu wengine wamekosa, huo ni ulanguzi. Uite hivyo, kisha uishushe kabla jua halijatua. Usiufiche mkono wako nyuma ya neno kubwa. Na ukikosea kama mimi, usijichukie hadi ushindwe kunyanyuka. Beba chumvi, uipeleke.

Mungu akupe kipimo cha haki, na jirani wa kukukosoa bila kukutupa.