Masale ya Msimbu, Siku ya Marehemu Wote

Kila tarehe mbili Novemba padri wetu hapa Visiga hutueleza asili ya siku hiyo. Zamani kila jumuiya iliwaombea wafu wake, wale waliokuwa na watu wa kuwalilia. Kisha, kama miaka elfu moja iliyopita, abate mmoja huko Ufaransa akawaamuru watawa wake watenge siku nzima, siku inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, wawaombee marehemu wote bila kubagua, hata wale ambao hakuna aliyewakumbuka. Desturi ikaenea kwenye monasteri nyingine, na baadaye Kanisa zima likaipokea. Baada ya misa tunakwenda makaburini na majembe na mishumaa, padri ananyunyiza maji ya baraka, tunarudi nyumbani.

Mwaka huu sikwenda nao. Nilimfuata padri sakristia na chupa yangu ya maji, nikamwomba aje nami Msimbu, kule Kisarawe, alikozikwa mwanangu. Akasema waumini wanamsubiri. Akayabariki maji, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hata usipolipata kaburi, sala ya leo inamfikia. Ni ya wote."

"Baba, hao wote mimi siwajui," nilimjibu. "Mimi nina mmoja."

Ni kweli nilikuwa na mmoja tu. Binti, aliishi siku tatu. Wakati huo mume wangu na mimi tulikuwa tumetoka Kilimanjaro, tunalima shamba la kukodi Msimbu. Bibi mwenye shamba, Mwislamu, alitupa kipande pembeni akasema mtoto huyu ni mjukuu wake pia. Majirani wakachimba, wakaomba dua. Mimi nilikuwa ndani, mzazi wa siku tatu haendi kuzika. Nikasikia jembe tu. Mungu hakunipa mtoto mwingine.

Mume wangu alipanda sale juu ya kaburi, ule mmea wetu wa majani marefu tunaouweka makaburini na mipakani. Tulipohamia Visiga alikuwa akienda peke yake kila Novemba kulipalilia. Nikitaka kumfuata anasema, "Wewe baki, utaumia. Siku nikiwa sipo utaona sale, hakuna lingine Msimbu nzima." Kiharusi kikamlaza miaka minne, na mwaka huu tukamzika kwao. Nikajua sasa ni zamu yangu.

Nilipanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia chupa, nikiogopa kwamba nyasi zimelifunika sale, au ng'ombe wamelila. Sikuogopa kile nilichokikuta.

Shamba lote lilikuwa limezungukwa na masale. Pande zote nne, mstari ulionyooka, yamenawiri kwa mvua za vuli. Nilidhani nimepotea. Nikamlipa kijana wa bodaboda, nikapiga hodi.

Akatoka mwanaume wa makamo, amevaa gambuti. "Shikamoo, mama." Lafudhi yake niliijua kabla hajamaliza salamu, ni ya nyumbani Kilimanjaro.

Nikamwambia ninachotafuta. Uso ukamsawijika.

"Mama, mimi nimenunua kwa warithi wa bibi. Hakuna aliyeniambia kuna kaburi." Akayaonyesha masale kwa mkono. "Nililikuta sale moja. Nilifurahi mno, nikajua kuna mtu wa kwetu alipita hapa. Nikadhani ni alama ya mpaka. Nikalikatakata vipande nikapanda shamba zima."

"Lile la kwanza lilikuwa wapi?"

"Nililing'oa, mama. Ili mstari unyooke."

Mtu wa pwani angelifyeka tu, na kisiki chake ningekipata. Ni Mchaga peke yake angeweza kulipenda kiasi cha kunipotezea mwanangu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya juu, na maneno mengine ambayo mwanamke aliyetoka kanisani hasemi. Tukatembea upande mmoja, tukarudi mwingine. Akasema pengine hapa kwenye mihogo, pengine kule. Waliochimba walishakufa. Nilipiga magoti, nikapapasa udongo kwa mikono, na udongo ulikuwa uleule kila mahali.

Nilipoinuka nilimkuta amechuma jani la sale, amelipiga fundo, amelishika kwa mikono miwili. Kwetu ndivyo mkosaji anavyoomba msamaha, na anayeletewa jani hilo hakatai, hata kama ameuliwa ndugu. Mama yangu hakuwahi kukataa, wala bibi yangu.

"Nisamehe, mama."

Mimi nilikataa. "Nipeleke kwanza mahali lilipokuwa," nilimwambia, "nimwage haya maji, ndipo nitalipokea."

Akageuka kuelekea kwenye mihogo, akasita. Akageuka upande wa barabara. Akabaki katikati ya shamba lake, jani mikononi, analia, hajui aelekee wapi, na mimi nyuma yake na chupa iliyojaa.