Hii Imekunywa Lualaba

Saa moja asubuhi, mwenye pikipiki ameshatoa salamu, lakini Rachida binti Ayoubu hajaitikia. Kwanza anaweka kiganja juu ya injini. Ni baridi. Ndipo anatabasamu, anampa mkono muuzaji na kumuuliza habari za nyumbani.

"Kama iko ya moto, njo kusema muntu aliiwasha mbele nifike," anaeleza. "Anaficha kikohozi cha asubuhi."

Rachida, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni fundi pikipiki karibu na stesheni ya reli ya Kindu. Sifa yake kubwa ni kuwakagulia wanunuzi pikipiki zilizokwisha kutumika. Leo kazi ina uzito wake. Iliyoletwa ni pikipiki ya mbio, nyekundu, na anayeiuza ni Twaibu, mdogo wa mumewe, anayetafuta mahari ili aoe. Jana jioni alikuja kumwomba aiangalie "kwa macho ya shemeji".

"Macho niko nayo haya haya," Rachida alimjibu.

Mnunuzi ni Joël, kijana anayeongoza misafara ya harusi mjini huku mpiga picha akikaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Barabara za Kindu na pikipiki ya mbio wapi na wapi? Joël anacheka tu.

"Bibi harusi hasahau rangi," anasema.

"Hatasahau pia kama fre ilikataa," anasema Rachida, akibonyeza breki.

Anaanza na ncha za mikono ya usukani na sehemu za kuwekea miguu, kwa kuwa pikipiki iliyowahi kuanguka hukwaruzika hapo. Anageuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, aone kama umekwama au kupinda. Anauvuta mnyororo, anapapasa meno yanayouzungusha, kisha anapitisha kidole kwenye shokapu za mbele akitafuta mafuta yanayovuja. Mpaka hapo hakuna ubaya. Halafu anaomba plastiki zote za ubavuni zifunguliwe.

"Pikipiki ya kazi unaiona yote. Hii ya mbio imevaa koti, lazima tuivue."

Twaibu anaanza kutazama simu yake.

Ukaguzi huu Rachida alijifunza vitani. Alikuwa mtoto treni ilipoacha kuja na mji ukafungwa pande zote. Watu wenye bunduki walichukua kila chenye magurudumu. Baba yake, Ayoubu, aliifungua pikipiki yake vipande vipande, akaijaza injini mawese, akavifukia vyote chini ya mafiga. Mama akaendelea kupika sombe ya majani ya muhogo juu yake.

"Wale wanajeshi walikula kwetu, pale pale, wakauliza nani iko na pikipiki!" Rachida anaangua kicheko, kisha kicheko kinakatika. "Bakuli lilimuponyoka baba."

Vita vilipotulia wakafukua. Injini iliyojaa mawese ilitoka nzima; vipande vilivyoingiwa na maji vilikuwa vimeoza. Baba na binti walikaa uani wakivichambua kimoja kimoja, wakiulizana kwa nini hiki kimepona na kile kimekufa. Rachida anasema hajaacha kuuliza mpaka leo.

Sasa amefungua taa ya mbele. Nyuma ya kioo kuna mstari mwembamba wa tope. Viungo vya nyaya vimeota kutu ya kijani. Anafungua kifuniko cha mafuta ya injini, nayo yana rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji.

Pikipiki zinazotoka Bukavu huishia Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, kisha huvushwa kwa mtumbwi zikishikiliwa na watu wawili na bahati. Zikitumbukia huopolewa, huanikwa, hung'arishwa, huuzwa. Rachida ana neno lake kwa pikipiki za namna hiyo, na mji mzima unalijua.

Joël anamtazama. Twaibu naye anamtazama.

"Shemeji, ninakuheshimu," Rachida anamwambia Twaibu polepole. "Lakini hii imekunywa Lualaba."

Joël anashukuru na kuondoka. Twaibu anaisukuma pikipiki yake kwenda zake, plastiki zikibaki chini. Rachida ana machozi na hayafichi.

"Mimi siko chuma. Leo ukoo wote utanikasirikia. Lakini tope ingekamata fre, na ule mupiga picha iko nyuma, ningesema nini kwa mama yake?"

Ana mpango wa kuukata ubaya huu kwenye shina: mitumbwi miwili mikubwa ifungwe pamoja, ipigiliwe mbao juu na kuwekewa vizuizi pembeni, ivushe pikipiki tu. Amekwisha kuelewana na Onema, mpiga kasia wa Alunguli. Anapoulizwa kama hatakosa kazi, anashangaa. "Na ile barabara ya Bukavu? Ile haichoki kuvunja pikipiki."

Twaibu anarudi kuchukua plastiki. Anaziokota akiwa ameinama.

"Ilitumbukia karibu tufike," anasema. "Niliirukia. Na mimi sijui kuogelea, shemeji."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Kila muntu aliuliza pikipiki tu."

Rachida anaweka spana chini. Anamtazama kijana huyu toka kichwani hadi miguuni, akimkagua kwa mara ya kwanza.

"Kesho twende kwa Onema," anasema. "Ile mitumbwi tuanze kuifunga."