Huduma Tano za Mama Pasi

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, juu ya mashine ambayo haizimiki mpaka ipigwe teke, pametundikwa bango: HUDUMA KWANZA. Mama Pasi amefanya kazi chini ya bango hilo miaka ishirini na sita. Jina la Pasi alipewa na wenzake kwa sababu mbili: hunyoosha mashuka mia mbili kwa siku, na akikupitia kwa maneno hubaki na mkunjo.

Alipotimiza miaka hamsini na miwili alijiandikisha kwenye timu ya wafanyakazi ya mpira wa wavu. Timu ilikuwa na watu watano na mchezo unataka sita, kwa hiyo walimpokea jinsi mtu anavyopokea mvua siku ya kuanika.

Nahodha alikuwa karani wa stoo, na unahodha wake ulitokana na kumiliki kijitabu cha sheria. Kijitabu kilitafsiriwa na mtu aliyekuwa na kamusi lakini hakuwahi kuuona mpira, maana kule kuanzisha mchezo kutoka nyuma ya mstari amekuita "kutoa huduma". Karani hakuona cha kucheka.

"Kila mchezaji atatoa huduma zamu yake ikifika," alisoma. "Sasa mama, hapo kwenye huduma ndipo penye kazi."

Kazi ilionekana mapema. Mama Pasi aliurusha mpira juu kama vijana wanavyofanya, akauwahi kwa kiganja, na mpira ukampata mpishi kisogoni. Mpishi alikuwa wa timu yake.

"Mama yangu, tuseme goti linakusumbua," karani alimwambia pembeni, kwa sauti ya kumwonea huruma. "Jumamosi kwenye mechi unakaa benchi, unatushangilia. Nafasi yako tunampa bawabu."

"Goti langu zima."

"Tuseme tu."

"Sema la kwako."

Karani akatoa sharti mbele ya wote: Ijumaa, huduma tano mfululizo zivuke wavu. Ikipungua moja, benchi.

Nyumbani, dada wa mumewe alizipokea habari akiwa amekaa mkao wa kula. "Wifi, umri wako watu wanatafuta kiti, wewe unatafuta mpira?"

"Kiti ningekitafuta wapi, wifi, na umekikalia wewe?"

Mazoezi aliyafanyia uwanja wa kuanikia, saa ya mapumziko. Aliipandisha kamba moja mpaka kimo cha wavu, akatandaza shuka. Kila mpira uliogonga shuka uliacha doa, na kila doa alilifua mwenyewe. Wiki ile shuka hilo lilioga kuliko mgeni yeyote wa hoteli.

Siku ya tatu, bega likiwaka moto, aliuacha mpira akarudi kwenye kazi inayomlisha. Alichukua shuka bichi, zito kama ndama, akalitupa kambani. Likavuka. Akasimama. Mguu wa kushoto ndio uliotangulia, mkono wa kulia ukatokea chini, nyuma ya nyonga, na uzito wote ukaufuata. Bega halikuulizwa chochote.

Akaokota mpira, akaushika kwa mkono wa kushoto usawa wa kiuno. Hakuurusha, aliuachia tu, akaupiga kutoka chini kwa kitako cha kiganja. Ukavuka kamba, ukatua mlangoni pa jiko. Mpishi alitoka, akauangalia, akajishika kisogo, akaurudisha.

Ijumaa karani alisimama ng'ambo ya wavu apokee mwenyewe. Mipira miwili ikavuka.

"Hiyo ya chini ni ya watoto," alisema.

"Kijitabu kinakataza?"

Karani alikifunua, akafunua, akakiweka chini karibu na miguu yake. Wa tatu ukavuka, na wa nne. Wa tano uligonga ukingo wa juu wa wavu, ukafikiri kidogo, ukaangukia upande wa karani.

"Umegusa," karani alisema. "Huo hauhesabiki. Umetoa huduma nne, mama, tunakushukuru."

Mpishi aliokota mpira mwingine, akamrushia Mama Pasi.

"Zamu yako ya huduma imekwisha," karani alisisitiza.

"Huduma nimetoa humu ndani miaka ishirini na sita," alisema Mama Pasi. "Huu napiga."

Ulivuka chini chini bila kugusa kitu. Karani alinyoosha mikono, mpira ukapita katikati yake, ukamgonga kifuani na kudondokea kijitabu.

Jioni orodha ya wachezaji ilibandikwa karibu na saa ya kazini. Majina matano yaliandikwa kwa kalamu. La sita, la Mama Pasi, liliandikwa kwa penseli, bila shaka kwa sababu kalamu iliisha ghafla. Alilisoma, akarudi chumba cha kufulia, akaja na kalamu ya kuwekea mashuka alama. Akapitisha wino juu ya penseli, herufi moja moja, bila haraka. Wino ule hautoki hata shuka likichemshwa. Yeye anajua, ndiye huwa anayachemsha.