Lundo la Siku Tisa

Kefule! Kila alipopita barabara ya kijiji mwaka ule, Shulan alitema mate. Kutoka darajani mpaka shuleni yalipangwa malundo arobaini yaliyofunikwa nailoni nyeupe, yanapendeza machoni pa wageni, na ndani uozo mtupu: udongo, mabua ya mahindi yenye ukungu, takataka za jikoni. Yurea, ile mbolea nyeupe iliyogawiwa na wilaya ili kulainishia mabua ya ngano yawe chakula cha ng'ombe, watu walishaimwaga mashambani mwao zamani. Aliyewaruhusu, mradi nailoni ionekane, ni mwenyekiti wa kijiji, Dou Changhai, shemeji yake mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe.

Lundo la kweli lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa uani kwa Shulan. Ujane ulimkuta na mabinti wawili na ng'ombe mmoja mbavu nje. Bwana mifugo alipokuja kufundisha, wenzake walisinzia, yeye alisikiliza. Ukate mabua, uyeyushe yurea majini kwa kipimo, unyunyize, ushindilie, ufunike, uzibe kingo kwa tope. Kwa baridi ya mkoa wao wa Henan, China, usubiri mwezi mzima na zaidi, na ukishafunua uanike siku kadhaa mpaka ule mvuke wa kukata pua uishe. Ndipo ng'ombe ale.

"Shulan anamlisha ng'ombe mbolea," walimcheka, "atamzalia gunia la ngano!" Wacheke tu. Ng'ombe alinona. Ndiye aliyelima, ndiye aliyevuta mkokoteni, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Mabinti walishaolewa mbali. Shulan hakuwa na mwingine.

Basi Changhai akaja, sigara mdomoni.

"Shemeji, kesho tuna wageni wa wilaya. Tutafunua lako, ng'ombe wako ale, wapige picha."

"Lina siku tisa tu."

"Siku tisa, siku arobaini, mgeni anajua nini?"

"Ng'ombe tumbo lake linajua. Atakufa, Changhai."

"Aa, mimi mambo ya mifugo mbumbumbu, shemeji. Kwangu majani ni majani." Akacheka na meno yake ya kahawia.

"Nenda kafunue lako basi! Au unaogopa wageni wataona kifusi cha choo chako?"

Alimkatalia katakata, na yule bwana akaondoka bila ubishi. Hapo ndipo Shulan alipopaswa kushtuka. Changhai kuondoka bila ubishi!

Asubuhi aliitwa ofisini kuchemsha maji ya chai pamoja na wake wote wa ukoo wa Dou. Moyo ulisita, lakini mke wa ukoo hakatai kuwapokea wageni. Lawama ingemwangukia marehemu kaburini. Akaenda. Alikuwa anamimina birika la pili aliposikia makofi, na makofi yalitoka upande wa kwake.

Alikimbia na aproni yake. Lundo lilikuwa limechanwa kama tumbo la samaki, mvuke unachoma macho, wageni wameziba pua kwa leso huku wanachekelea. Ng'ombe wake amevishwa ua jekundu la hariri kati ya pembe, midomo imo kwenye mabua, maana Changhai ameyanyunyizia pumba na chumvi, mshenzi yule! Kamera zinalia.

"Mwacheni!" Shulan alipiga kelele. "Mnamuua!"

"Furaha imemzidi," Changhai aliwaambia wageni. Nao wakaandika.

Magari hayajafika darajani, ng'ombe alianza kutetemeka. Povu likamtoka, tumbo likavimba, miguu ikamkunjika akaanguka. Jirani wa Shulan, Bibi Pei, alikuja mbio na chupa zote za siki za nyumbani kwake, maana siki huvunja sumu ya yurea. Mmoja alishika kichwa, mwingine akamimina, siki na povu vikiwaloanisha mpaka vifuani. Shulan alitapika pembeni, akajifuta, akarudi kumimina. Harufu ya uongo wote wa kijiji kile aliisikia siku ile puani mwake.

Jua lilipokuwa linainama ng'ombe aliinuka, kwanza magoti, kisha kwato. Shulan alimwekea sikio ubavuni. Ndama alipiga teke. Bibi Pei akaangua kilio.

Ndipo Changhai akaingia, lile ua mkononi.

"Afadhali amesimama. Kesho wanakuja wa mkoa, shemeji, wamesikia habari. Ale kidogo tu."

Shulan hakupiga kelele. Alikusanya kumbatio la mabua yale yale, akampa.

"Huyu wangu mgonjwa. Una dume zuri pale kwako. Mpe huyo, wageni waone."

"Wangu?" Changhai aliruka nyuma, mabua yakamwanguka. "Una wazimu? Haya hayajaiva! Hayajaanikwa hata siku moja, yatamuua!"

Bibi Pei aliacha kulia.

Tangu asubuhi, katikati ya hasira yake, Shulan alikuwa amemtafutia shemeji yake udhuru mmoja: ujinga. Alimtazama sasa, uso ule uliofanana na wa mumewe, mpaka Changhai akainamisha macho.

"Toka," alisema. "Na siku ya kufagia makaburi usije. La kaka yako nitalifagia mwenyewe."