Fundi rangi aliyewageuza ng'ombe wa Mzee Ndyamukama

Mjinga wa leo ni yeye, na Projest Elipidius hasubiri mtu mwingine amtangulie kusema.

"Andika hivyo hivyo," anasema akiwa juu ya ngazi, msasa mkononi, nyusi zimejaa unga mweupe. "Fundi mzima, miaka yote hii kazini, kachora ng'ombe sita wanono, na wote wanawahama wenyewe."

Ni saa mbili asubuhi, Alhamisi ya mvua za Novemba, sebuleni kwa Mzee Ndyamukama, mfugaji wa Kibingo wilayani Kyerwa. Keshokutwa wakwe wanakuja kuzungumza mahari ya binti yake, Salvina. Ukuta mrefu unaotazamana na makochi umechorwa ng'ombe wenye pembe ndefu, kila mmoja na rangi yake, juu ya ardhi ya manjano iliyoiva kama ndizi ya wageni. Ukiutazama haraka huoni kasoro.

Kasoro iko kwenye vichwa. Vyote vimeelekea mlangoni.

Projest alimaliza kazi jana jioni, akarudi nyuma kidogo, akajipongeza kimoyomoyo. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoingia kutoka zizini na fimbo yake, akasimama mbele ya ukuta, akaanza kufuata vichwa kimoja kimoja kwa ncha ya fimbo.

"Fundi, hawa wanakwenda wapi?"

"Malishoni, mzee. Nimewaelekeza kwenye mwanga."

"Siku wakwe wanaingia, ng'ombe wangu wanatoka?"

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Kantengwa, dada wa mwenye nyumba, shangazi wa bibi harusi, ambaye ndiye atakayejibu kwa niaba ya nyumba siku hiyo.

"Msimlaumu, ni mtoto wa migomba huyu," alisema. "Mkungu hauulizwi unakwenda wapi."

Ni kweli. Projest alizaliwa Igurwa, upande wa Karagwe, katika shamba la kahawa na migomba. Ng'ombe aliwajua kwa kuwapisha njiani. Hakujua kwamba nyumba ya mfugaji inayopokea mahari haiwezi kukaa na ng'ombe wanaoelekea mlangoni, hata kama ni wa rangi. Na hakumjua mshenga wa upande wa pili, mzee Rwegoshora, ambaye ulimi wake unatangulia kufika kabla ya miguu.

"Huyo akikuta ng'ombe wanatoka," alieleza Mzee Ndyamukama, "atasema tunao wengi mpaka tunawafukuza, yeye alete wa nini. Nami nitamjibu nini ndani ya nyumba yangu?"

Kwa hiyo leo ng'ombe wanageuzwa. Na Projest anajua kwamba hageuzi ng'ombe tu. Hii ni nyumba yake ya kwanza ya mfugaji.

"Hawa watu wamefungamana," anasema kwa sauti ya chini. "Ukikubalika kwa mmoja, umekubalika kwa kaka zake, mashemeji zake, mpaka mpakani kule. Ukikataliwa na mmoja, rudi ukapake ofisi rangi ya maziwa juu na kahawia chini mpaka uzeeke."

Rangi ya maziwa juu na kahawia chini anaijua vizuri. Ndiyo iliyomlea Mwanza, alikokwenda akiwa kijana kubeba zege, akajikuta anashika brashi kwa sababu fundi aliyekuwepo alilewa. Huko alijifunza kupiga skimu ya kulainisha ukuta, kuchanganya rangi na kunyoosha mstari bila rula. Huko pia jukwaa la mbao lilimwangusha kutoka ghorofa ya kwanza ya nyumba ya wageni. Aliyemwajiri alikwenda kumwona hospitali mara moja, akamwachia juisi ya embe, na hakuonekana tena.

"Mwanza ilinipa ufundi ikachukua kisigino," anasema, akionyesha mguu wa kushoto unaochelewa kidogo. "Sidaiani nayo."

Alirudi nyumbani kuchechemea na kufikiri. Miezi ile ya kukaa kitandani hakuwa na cha kutazama ila mke wake, Kyomugisha, akishona nguo kwenye baraza. Vipande vya vitenge vilikuwa vikidondoka sakafuni siku nzima: bluu juu ya chungwa, kijani kando ya zambarau. Akawa anavipanga kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Nikajiuliza, hivi mama akivaa rangi hizi wote wanageuka kumwangalia, kwa nini akiingia ndani kwake anakaa kama yuko kituo cha polisi?"

Hadi leo anaanzia hapo. Mteja akimwita, Projest hatoi kwanza kitabu cha rangi za dukani. Anaomba aletewe vitu vitatu vya humo ndani ambavyo mwenye nyumba hawezi kuvitupa. Huletewa kitenge, mkeka, kikapu, bakuli la bati lenye maua yaliyokwanguka. Anaviweka chini ya dirisha, anakaa navyo. Rangi ya ukuta hutoka humo.

Kwa muuguzi mmoja anayepanga karibu na Nyakahanga, vitu hivyo vilikuwa khanga ya marehemu mama yake, sahani na ungo. Leo chumba chake kina ukuta mmoja wa rangi ya kahawa mbivu na mapazia yenye ukingo wa nakshi za ungo ule, yaliyoshonwa na Kyomugisha. Rafiki zake waliokwenda kumsalimia walitoka na namba ya fundi.

Salvina ni mmoja wao. Ana duka dogo la vipodozi, na simu yake imejaa picha za sebule za watu asiowajua: makochi meupe, zulia jeupe, ukuta mweupe, ua moja limesimama pembeni kama limeadhibiwa.

"Nilimwonyesha, nikamwambia nataka hivi," anakumbuka Salvina. "Akaniuliza, 'Dada, vumbi la huku umeliaga?'"

"Nilikwambia ukweli," Projest anadakia kutoka juu. "Kochi jeupe na vumbi la Kyerwa haviozeshwi, hata mshenga awe malaika."

Wakaelewana. Salvina akaleta vitu vyake vitatu: kitenge cha manjano, kikapu cha bibi yake, na ekyanzi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, chenye kifuniko kilichosukwa kwa mistari inayopanda na kushuka. Mistari hiyo ndiyo iliyogeuka ukingo unaozunguka sebule nzima juu ya madirisha. Ng'ombe walikuwa wazo la Projest mwenyewe. Analikubali na hilo.

Tatizo la kwanza asubuhi hii ni mvua. Rangi aliyomalizia jana jioni haijakauka, na kupaka yote kuanzia mwanzo hakutawahi Jumamosi. Majiko mawili ya mkaa yamewekwa chini ya ukuta, madirisha yako wazi, na kila mtu anapiga chafya.

Projest anachagua njia fupi. Vichwa anavifuta kwa rangi ya manjano na kuvichora upya kule kulikokuwa na mikia. Mikia inahamia kulikokuwa na vichwa. Kufikia saa nne ng'ombe wa kwanza amegeuka. Projest anashuka, anafuta mikono, anasubiri sifa.

Mzee Ndyamukama, ambaye amevuta kigoda akaketi katikati ya chumba, anainua fimbo.

"Nundu iko makalioni."

Projest anatazama. Iko makalioni.

"Na kiwele," anaongeza mzee bila kupandisha sauti, "umekiweka kifuani. Huyo ndama atanyonya akiwa amepigwa pembe."

"Mwacheni, labda ni wa kisasa," anasema Kantengwa kutoka jikoni.

Kuanzia hapo kazi inakuwa ya watu wawili. Projest anashika brashi, mzee anashika fimbo. Mara mbili mzee anamtoa nje kwenye mvua mpaka zizini, anamsimamisha mbele ya ng'ombe wake ampendaye, Bihogo, aliyepewa jina la rangi yake, wekundu mzito unaokaribia weusi. Anamwambia atazame shingo inapoanzia. Projest anatazama. Bihogo naye anamtazama, wala haonekani kuvutiwa.

Wekundu ule haupo dukani. Steina nyekundu na nyeusi, zile rangi kali za kukolezea, alipozichanganya zilitoa rangi ya matofali. Anaokota udongo wa kichuguu nyuma ya zizi, anaukausha jikoni, anauchekecha kwa kipande cha nailoni, anaukoroga na gundi ya mbao. Anapaka mkono mmoja ubavuni mwa ng'ombe wa tatu na kusogea pembeni.

Mzee anainuka kwenye kigoda. Anausogelea ukuta mpaka pua inakaribia rangi mbichi.

"Waitu," anasema, neno la heshima la huku, na kurudi kuketi. Kwa siku hiyo, hiyo ndiyo sifa pekee iliyotolewa.

Kwa kazi kama hii Projest hulipwa kati ya laki moja na nusu na laki mbili, rangi zikiwa juu ya mwenye nyumba. Wakati wa kahawa, watu wakiwa na fedha, hupata nyumba nne kwa mwezi. Mvua zikishika, huenda mwezi ukapita mikono mitupu, na wanakula cherehani ya Kyomugisha.

Nyumba yao wenyewe, Nkwenda, ni ya tofali lisilopigwa hata lipu. Mteja mmoja aliwahi kuuliza hilo mbele ya mkewe, Projest akajitetea kwa methali, kwamba mganga hajigangi.

"Mimi sikukuomba ujigange," Kyomugisha alimjibu. "Nimeomba unigange mimi."

Projest anasimulia hilo mwenyewe, tena kwa kicheko, ila mkono umesimama ukutani.

Anachokitaka sasa ni chumba kimoja cha barabarani pale Nkwenda. Kila ukuta uwe na rangi zake na umbo lake, mapazia na mito ya Kyomugisha iwe ndani, mtu aingie, akae, ahisi kama anaweza kuishi humo. Amechoka kuwaonyesha watu nyumba zao za kesho kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Wenye chumba wapo tayari kumkodisha. Kilichobaki ni kazi za kukilipia, na kazi hizo ziko kwa kaka watatu wa Mzee Ndyamukama, ambao wote Jumamosi watakaa kwenye makochi yale, wakitazama ukuta ule.

Ijumaa jioni ng'ombe wote sita wameingia nyumbani, nundu mahali pake, viwele mahali pake. Amebaki ndama. Projest alimchora siku ya kwanza karibu kabisa na mlango, kujaza nafasi, naye bado anatazama nje. Rangi ya manjano imekwisha, na duka lenye rangi hiyo liko mbali.

"Nitamgeuza hata kwa udongo," anasema.

Kantengwa anakuja na kitambaa cha meza begani. Anamtazama ndama, kisha anatazama upande wa dirisha alipo mpwa wake.

"Huyo mwache," anasema. "Huyo ni Salvina."

Salvina, aliyekuwa akikunja mapazia, anaendelea kulikunja pazia lile lile.

Jumamosi saa tano wakwe wanafika. Wanavua viatu, wanasalimiana shikamoo kwa mpangilio wa umri, wanaketi. Projest hakualikwa ndani. Fundi akishamaliza amemaliza. Amekaa nje chini ya dirisha, kwenye ndoo tupu ya rangi, shati safi, kucha zenye ukingo wa manjano. Anasikiliza.

Mzee Rwegoshora hana haraka. Anasifu njia, anasifu mvua, anasifu bia ya ndizi. Kisha anasifu ukuta. Anamtaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, na akifika kwa yule mwekundu anauliza kama mwenzake yuko zizini, maana sura anaifahamu. Kaka wawili wa Mzee Ndyamukama wanageuka kutazama tena. Mmoja anauliza ni nani aliyechora. Nje, Projest anafunga macho.

"Na wote wanaingia," anasema Rwegoshora. "Nimeona. Ila huyu mdogo mlangoni, mbona anatoka?"

"Huyo ndiye mliyemfuata," anasema Kantengwa.

Vicheko vinapungua, mazungumzo yanaingia kwenye mahari yenyewe. Mzee Ndyamukama anataja ng'ombe anaowataka. Rwegoshora anashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia la kahawa mbichi. Anazungumzia ukame uliopita, karo za shule na umri wa kijana. Kila hoja inajibiwa. Kaka mkubwa anakataa, kaka mdogo anakataa, sauti zinapanda, bia inasimama vikombeni.

Ndipo Rwegoshora anapoinuka, anausogelea ukuta, anapitisha kiganja hewani mbele ya pembe zile ndefu.

"Jamani, tusichoshane. Ng'ombe sita tayari wameingia humu ndani, kila mtu amewaona, nami nimewataja kwa majina. Wahesabiwe hawa. Sisi tutaongeza wawili, biashara iishe."

Upande wa wakwe unapiga makofi. Upande wa nyumba unamtazama Kantengwa. Yeye anaweka kikombe chake chini taratibu, anajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Sawa, wahesabiwe hao hao wa ukutani," anasema. "Na Salvina ni yule ndama pale mlangoni. Mbandueni, mwende naye."